Marahaba kabla ya shikamoo: siku nne kati ya Ulaya na Asia

Mara ya kwanza nilipoingia duka la jumla pale Laleli, Istanbul, kijana mmoja ambaye hakuzidi miaka ishirini na mbili aliinuka kwenye kigoda, akanitazama usoni na kusema, "Merhaba!" Nikabaki nimesimama mlangoni. Kwetu marahaba haitangulii. Marahaba huijibu mkubwa baada ya mdogo kutoa shikamoo, na kati yangu na yule kijana mkubwa nilikuwa mimi. Nikamgeukia mama mdogo, ambaye ndiye aliyenileta safari ile, naye akacheka: "Mwanangu, huku wanaanzia mwisho. Zoea."

Biashara yangu ni nguo za kike. Nina fremu Kariakoo, na kama umewahi kupita mitaa ile unajua mteja anavyoshika kitambaa kwa vidole viwili na kuuliza, "Hii ni ya Uturuki kweli?" Ndiyo sababu tunakwenda. Safari zangu tatu za mwanzo sikuuona mji. Niliona Laleli, Osmanbey na Merter, basi. Unatua, unaweka begi hotelini, unaingia madukani mpaka nyayo ziwake moto. Huko hununui gauni moja. Unanunua seri, yaani gauni lile lile kwa saizi zote, na zile saizi ambazo Dar hazitembei unazibeba pia kwa sababu zimefungwa pamoja. Bei unatajiwa kwa dola. Mabango ya maduka mengi yana maandishi ya Kirusi, kwa kuwa mtaa huu ulinenepa miaka ya 1990, Umoja wa Kisovieti ulipovunjika na wachuuzi wakaanza kumiminika na mabegi matupu. Sisi wa Afrika tumekuja kupita njia ambayo wenzetu walishaifyeka.

Safari ya nne ndiyo ninayotaka kuisimulia. Wakala wa mizigo (simtaji, bado namhitaji) aliniambia mzigo utafungwa Jumanne. Jumanne akasema Jumamosi. Nilikuwa nimemaliza pesa na manunuzi, na nina siku nne za kukaa bure. Nikampigia mama mdogo kumlalamikia. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Basi vuka. Mimi miaka kumi na tatu nakwenda huko na sijakanyaga Asia hata siku moja. Nenda ukaniangalizie."

Istanbul imekaa kwenye mabara mawili, maji yakipita katikati, na sisi wa madukani huishia upande wa Ulaya. Kwa aliyelelewa na mama yangu mdogo, hiyo ni amri.

Jumatano asubuhi nikashuka na tramu mpaka Eminönü, ziliko gati za vivuko. Kabla ya kupanda nikasimama kwenye kigari cha mahindi. Viko vingi pale, vimepakwa rangi nyekundu, na mahindi huuzwa ya kuchemsha na ya kuchoma. Wanayanyunyizia chumvi tu. Hakuna ndimu, hakuna pilipili, dosari ambayo mimi siisamehi. Kwenye kigari paliandikwa *mısır*, nikauliza, "Misri?" Muuzaji akanyanyua hindi na kuitikia, "Mısır." Ikawa zamu yangu kumweleza kwa ishara kwamba kwetu hili ni "hindi". Jamaa akaangua kicheko, akakunja viwiko vyote viwili na kupiga mbawa, akatoa sauti ya ndege. Kumbe kwao *hindi* ni bata mzinga.

Nimelitafakari hilo mara nyingi. Nafaka ile ilitoka Amerika. Waturuki waliipokea wakaona ni kitu cha Misri, wakaiita Misri. Sisi tuliipokea tukaona ni kitu cha India, tukaiita mahindi. Na yule ndege, naye katoka Amerika vilevile, wao wakamtwika India. Hakuna aliyepatia.

Kivuko cha kwenda Kadıköy kinachukua kama dakika ishirini hadi ishirini na tano. Unagusisha kadi ya usafiri kwenye mashine, unangoja geti lifunguliwe, unapanda. Mtu wa Dar hahitaji maelezo mengi hapa. Ni pantoni ya Kigamboni, ila hakuna magari, kuna viti vya mbao na kuna chai. Anapita mhudumu na sinia la glasi ndogo zenye kiuno, kila moja ina chai nyekundu isiyo na maziwa na vipande viwili vya sukari kwenye kisahani. Nje watu wanawarushia shakwe vipande vya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, na shakwe wanavidaka hewani bila kutua.

Nilikaa upande wa kulia. Palipita ncha ya mji wa kale yenye jumba la masultani la Topkapı, na nyuma yake kuba na minara: Ayasofya, na ule msikiti wenye minara sita ambao Sultani Ahmed wa Kwanza aliujenga kuanzia 1609. Kushoto, Mnara wa Msichana umesimama peke yake katikati ya maji. Nilikuwa nimeiandaa simu nipige picha pale Ulaya inapokwisha na Asia inapoanza. Hapakuwa na kitu cha kupiga. Maji ni yale yale, na mawimbi yanagonga ubavu wa meli hivyo hivyo. Mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa amelala mdomo wazi. Mwanamke mmoja alikuwa anachambua maharage mabichi kwenye mfuko, anakata ncha na kuzitia kwenye mfuko mwingine, tunahama bara yeye anapika.

Baadaye mwanafunzi mmoja Msudani, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kama changu, aliniambia kitu kilichonikaa. Wenyeji wa Istanbul wakivuka hawasemi wanakwenda Asia wala Ulaya. Wanasema wanakwenda *karşı*. Akatafuta neno la kunitafsiria, akahangaika, "upande ule, upande wa pili wa maji". Nikamwambia, usihangaike, sisi tunalo: ng'ambo. Aliye Ulaya akisema ng'ambo anamaanisha Asia, aliye Asia akisema ng'ambo anamaanisha Ulaya. Mabara yenyewe wamewaachia wageni na vipeperushi vya hoteli.

Mlango huu wa bahari, Bosphorus, una urefu wa kilomita kama 30, unaunganisha Bahari Nyeusi na Bahari ya Marmara. Panapobana zaidi ni kiasi cha mita 700 tu. Pale pale panapobana, mwaka 1452, Sultani Mehmed wa Pili alijenga ngome ya Rumeli Hisarı kwa takriban miezi minne, mkabala na ngome ambayo baba wa babu yake alikwishaijenga upande wa Asia. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Mei 1453, akauteka mji. Alikuwa na miaka 21. Wagiriki walikuwa wamefunga mdomo wa bandari kwa mnyororo mkubwa, naye akaamuru meli ziburuzwe nchi kavu, juu ya magogo, zikaingizwe majini upande wa pili wa mnyororo.

Lakini kilichonishika zaidi ni maji yenyewe. Juu, mkondo unatoka Bahari Nyeusi kwenda Marmara. Chini yake kuna mkondo mwingine, wa maji mazito yenye chumvi nyingi, unaokwenda kinyume. Wavuvi walilijua hilo siku zote, kwa kuwa nyavu zilizozama zilivutwa kule ambako mashua haiendi. Mwitaliano mmoja, Luigi Ferdinando Marsili, alikuja akawasikiliza, na takriban mwaka 1680 akashusha kamba iliyofungwa vipande vya koki vilivyopakwa rangi nyeupe ili avione ndani ya maji. Vya juu vikaelekea kusini. Vya chini vikapinda kurudi kaskazini. Wataalamu wa bahari wanalihesabu jaribio lile miongoni mwa misingi ya elimu yao, na mimi sikosi kuwakumbuka wale wavuvi ambao majina yao hayakuandikwa.

Nikashuka Kadıköy. Hiyo ndiyo Asia niliyotumwa kuitazama, na kitu cha kwanza nilichoona ni foleni ya daladala za manjano, zinaitwa *dolmuş*, ambazo haziondoki mpaka zijae. Nikajiona nyumbani.

Jina la Kadıköy linasomeka kwa Mswahili. *Kadı* ni kadhi, *köy* ni kijiji. Ni Kijiji cha Kadhi, kwa sababu baada ya 1453 eneo hili lilipewa kadhi wa Istanbul. Kabla ya hapo liliitwa Chalcedon, na lina kisa chake. Wagiriki kutoka Megara walianza kukaa hapa mapema katika karne ya saba kabla ya Kristo, na wenzao wakaja baadaye kidogo kuanzisha Byzantion upande wa Ulaya. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba jemadari wa Kiajemi, Megabazus, alipousikia mpangilio huo alisema watu wa Chalcedon walikuwa vipofu wakati ule, maana mtu mwenye macho hawezi kuiona ng'ambo ile yenye bandari salama akachagua kukaa huku. Yule jemadari alikuwa akifikiria ulinzi na ushuru. Angekaa siku moja kwenye soko la Kadıköy la leo, penye zeituni za kila rangi kwenye mapipa, samaki waliogeuzwa matamvua ili mnunuzi aone wekundu wake, na vibaraza vya kahawa visivyo na mgeni wa picha hata mmoja, nadhani angeomba radhi. Mimi nikipewa kuchagua upande, nachagua wa vipofu.

Kahawa pale inakuja kwenye kikombe kidogo wanachokiita *fincan*, hutamkwa finjani. Ni neno hilo hilo la wauza kahawa wetu, wale wanaopita na birika la shaba na kugonganisha vikombe. Kahawa iliingia Istanbul kutoka Uarabuni, na mnamo 1555 watu wawili kutoka Syria, mmoja wa Aleppo na mwingine wa Damascus, walifungua migahawa ya kahawa mjini. Mpaka hapo tumelingana. Tofauti ni kwamba wao hawaichuji. Unga unabaki chini kama tope, na ukiinamisha finjani mpaka mwisho, kama nilivyofanya mimi, unautafuna.

Kutoka hapo unaweza kutembea ufuoni hadi stesheni ya Haydarpaşa, jumba kama kasri lenye ngazi zinazoshuka majini. Treni za abiria hazijafika pale kwa zaidi ya miaka kumi, wanalikarabati. Nilikwenda kwa sababu ya kitu nilichokuwa nimekisoma usiku hotelini. Jumba lile lilijengwa mwanzoni mwa karne iliyopita na kampuni ya Kijerumani, Philipp Holzmann, na reli ya Anatolia iliyoanzia pale ilikuwa na pesa za Deutsche Bank. Miaka ile ile, kampuni hiyo hiyo ilikuwa inajenga reli ya kati, Dar es Salaam hadi Kigoma, na benki hiyo hiyo ikiwa nyuma yake. Reli yetu ilifika Kigoma 1914. Sasa geuza kibao: reli ya kisasa inayoanzia Dar kupitia Morogoro mpaka Makutupora imejengwa na kampuni ya Kituruki, Yapı Merkezi, ambayo pia ni mmoja wa wajenzi wa handaki la magari linalopita chini ya Bosphorus, lililofunguliwa Desemba 2016. Nilisimama mbele ya ile stesheni tupu, nikamtumia mama mdogo picha. Akajibu kwa sauti, na nyuma yake nikasikia honi za Kariakoo: "Hiyo ndiyo Asia? Mbona kama Ujerumani?"

Kurudi sikupanda meli. Nilitaka kujua wanapitaje chini. Treni ya Marmaray inavuka chini ya mlango wa bahari kwenye bomba lililolazwa kiasi cha mita 60 chini ya maji, na kutoka Üsküdar, upande wa Asia, hadi Sirkeci, upande wa Ulaya, ni dakika nne hivi. Hakuna cha kuona, ni giza na sura yako kwenye kioo. Ila kazi ile ilichelewa kwa miaka, kwa sababu walipochimba Yenikapı walikutana na bandari ya kale ya Mfalme Theodosius, iliyokuwa imejaa udongo na kusahauliwa. Wakatoa mabaki ya meli 37. Chini zaidi wakakuta nyayo za watu waliopita pale miaka 8,000 hivi iliyopita, kwenye tope, kabla bahari haijafika. Mradi ulifunguliwa tarehe 29 Oktoba 2013, siku Jamhuri ilipotimiza miaka 90. Waturuki wanapenda kufungulia vitu karibu na tarehe hiyo. Daraja la kwanza la Bosphorus nalo lilifunguliwa 30 Oktoba 1973, siku moja baada ya Jamhuri kutimiza miaka 50. Kabla ya hapo daraja linalosimuliwa zaidi ni lile la mashua zilizofungwa pamoja, ambalo Mfalme Dario wa Uajemi alivushia jeshi lake mnamo 513 kabla ya Kristo. Katikati hapo, miaka karibu 2,500, karibu kila mtu aliyetaka ng'ambo alipanda chombo. Kampuni ya vivuko iliyoanzishwa 1851 iliitwa *Şirket-i Hayriye*. Soma polepole: shirika la heri.

Alhamisi nikawa mtalii. Nitasema kwa ufupi kuhusu Ayasofya kwa sababu imeandikwa mno. Mfalme Justinian aliijenga kwa miaka mitano, 532 hadi 537, ikiwa kanisa. Ikawa msikiti 1453, makumbusho miaka ya 1930, na msikiti tena Julai 2020. Mgeni analipa yuro 25 na kupandishwa ghorofani. Anayekuja kuswali anaingia chini bure. Nilikuwa na udhu na mtandio, nikaingia chini. Kuba ile ina upana wa mita 31 hivi, na ukiwa umekaa kwenye zulia haionekani kushikiliwa na chochote, kwa kuwa wameizungushia madirisha 40 shingoni. Lakini foleni, vipaza sauti, watu wanaojipiga picha wakati wengine wamesujudu! Sikukaa. Huko ghorofani, nasikitika sikukiona, kuna jina la Halvdan lililochongwa kwenye marumaru kwa herufi za kale za Skandinavia. Ni mmoja wa Waviking walioajiriwa kumlinda mfalme, inaelekea ibada ilimchosha akatoa kisu. Kila mwalimu aliyewahi kugeuza dawati akakuta jina la mwanafunzi atamwelewa.

Topkapı ilinichukua muda zaidi, na si kwa ajili ya vito. Ukiingia harem, makazi ya wanawake wa sultani, unapita kwanza kwenye ua mwembamba wenye vyumba vya ghorofa upande mmoja. Walikaa hapo matowashi weusi. Walikuwa Waafrika, wengi kutoka Uhabeshi na Sudani, waliotekwa wakiwa watoto, wakahasiwa, wakauzwa. Mkubwa wao aliitwa *Kızlar Ağası*, na kwa vipindi virefu alikuwa miongoni mwa watu wenye nguvu zaidi katika dola nzima, kwa sababu mlango wa sultani ulikuwa wake na wakfu za Makka na Madina zilikuwa chini yake. Mmoja, Hacı Beşir Ağa, alishika cheo hicho kuanzia 1717 hadi alipofariki 1746. Msikiti wake mdogo upo mpaka leo, dakika chache kutoka kwenye jumba. Niliutafuta nikaupata. Una sabili ya maji kwenye kona, na watu wanapita na mifuko yao bila kutazama juu. Nilikaa pale kwenye ngazi nikala simit yangu. Sikujua nimwombee rehema yule mzee mwenye makuu, au yule mtoto aliyechukuliwa kwao. Nikawaombea wote wawili.

Historia hiyo haikuishia kwenye majumba. Upande wa Izmir na Ayvalık wapo Waturuki weusi hadi leo, wajukuu wa watumwa. Marehemu Mustafa Olpak, mchonga mawe wa Ayvalık, aliufuatilia ukoo wake kupitia kisiwa cha Krete mpaka Kenya, akaanzisha chama cha Waafrika wa Uturuki, na kuanzia 2007 wakaifufua sikukuu yao ya zamani, *Dana Bayramı*, sikukuu ya ndama. Nimejiwekea nadhiri kwamba safari ya tano nitakwenda huko, mzigo ufungwe usifungwe.

Siku ya Ijumaa nikaingia Mısır Çarşısı, soko la viungo. Jina ni Soko la Misri, maana lilijengwa katika karne ya 17 kwa ushuru uliotoka Misri, ingawa mimi mpaka leo nalisoma Soko la Mahindi. Kati ya vilima vya manjano na vyekundu vilivyopangwa kwa ajili ya wageni, pua yangu ilinishika mkono ikanipeleka kwenye kasha moja. *Karanfil*. Karafuu. Nikamwita muuzaji aliyekuwa amenipa mgongo, naye bila kugeuka akaitika, "Efendim?"

Hapo ndipo nilipocheka peke yangu kama mwehu. Nilikuwa nimeshazoea marahaba inayotangulia. Nilikuwa sijazoea kuitwa afande.

*Efendim* ni "bwana wangu", lakini wanaitumia kuitikia mwito, kama sisi tunavyoitika "abee" au "naam". Wanaitumia kupokea simu. Wanaitumia wakiwa hawajakusikia. Na ndilo hasa neno letu. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alikwenda Cairo kuajiri mamia ya wanajeshi Wasudani aje kupigana na Abushiri pwani ya Tanganyika. Jeshi la Misri lilikuwa na vyeo vya Kituruki, na wale Wasudani walikuja navyo: ombasha, shaushi, na juu kabisa, cheo cha mwisho ambacho Mwafrika angeweza kufikia, efendi. Vingine vimekufa. Afande amebaki, kwenye kila kituo cha polisi na kila kizuizi cha barabarani kuanzia Tunduma hadi Namanga. Wanaofuatilia asili ya maneno wanakwenda nyuma zaidi: Waturuki walilichukua kwa Wagiriki wa mji huu huu wa Istanbul, *authentes*, bwana mwenye mamlaka, ambalo midomo ya wakati ule ilishaanza kulitamka afendi.

Basi neno lilizaliwa kwa Wagiriki, likavuka kwa Waturuki, likashuka Misri, likapanda Nile, likaingia melini kuja Bagamoyo. Waturuki wenyewe walikuwa wamejaribu kuja mapema na hawakufaulu. Mir Ali Bey alifika pwani yetu na merikebu zake katika miaka ya 1580, miji mingi ikampokea kwa sababu ilikuwa imechoshwa na Wareno, akajenga ngome Mombasa, na mwaka 1589 Wareno wakamkamata wakampeleka Lisbon. Miaka minne baadaye wakaanza Fort Jesus ili lisijirudie. Mizinga ilishindwa kukaa. Neno la heshima likakaa.

Nilimweleza muuza karafuu sehemu ndogo ya haya kupitia tafsiri ya simu. Alisoma mpaka mwisho, akaniangalia, akatia karafuu nyingine kiganja kizima kwenye mfuko wangu. Nazibeba karafuu kuzipeleka Tanzania! Mama mdogo akisikia, nilijiambia, nimekwisha.

Jumamosi mzigo ukafungwa kweli. Nilipanda kivuko mara moja ya mwisho asubuhi na mapema, kwenda na kurudi, bila kushuka, kwa ajili ya chai tu. Kama utakwenda na pesa yako ni ya kuhesabu, achana na zile meli za machweo zenye muziki na wapiga debe. Kivuko cha umma kinapita maji yale yale kwa sehemu ndogo ya bei, na jua linazama kwa wote.

Mama mdogo alikuja kunipokea uwanja wa ndege kwa gari la jirani. Hatukufika hata Tazara akaanza.

"Haya. Asia nilikokutuma ikoje?"

"Ni ng'ambo tu, mama. Kama Kigamboni."

"Umepoteza siku nne kuniletea Kigamboni?"

Nikafungua mkoba nimpe halua na lokum nilizomnunulia, na ule mfuko wa karafuu ukatangulia kutoka. Akaushika, akaunusa, akanitazama kwa jicho ambalo nalijua tangu nikiwa na miaka sita. Kabla hajafungua kinywa, askari wa usalama barabarani akanyoosha mkono mbele yetu. Dereva akapunguza mwendo, akashusha kioo, akatoa kichwa nje.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba," akasema yule askari, na mimi kiti cha nyuma nikajiziba mdomo kwa mtandio.

"Huyu naye," mama mdogo akamwambia dereva, "tangu ashuke kwenye ndege hayuko sawa."